Siku Niliyovunja Hesabu ya Wastani

Mimi si mtu wa kusahau. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na dada yangu mkubwa humalizia kwamba mpaka leo sijaikunjua. Kwa hiyo sitamumunya maneno. Nilimchukia mkuu wa kitengo chetu kwa moyo wangu wote, nikamvizia, na siku yake ilipofika nikamfanyia nilichotaka kumfanyia.

Kitengo chetu kiko ghorofa ya juu ya jengo la utafiti wa magonjwa. Chini yetu kuna maabara ya konokono. Wenzetu wa huko wanafuga konokono kwenye mabeseni ya plastiki, wanawamulika kwa taa, kisha wanahesabu vijidudu vya kichocho vinavyowatoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Sisi wa juu hatushiki konokono. Tunapokea hesabu zao, tunachanganya na hesabu za mikojo iliyopimwa mitaani, tunaandika milinganyo, na kompyuta inatuonyesha ugonjwa utaelekea wapi miaka inayokuja. Hiyo ndiyo modeli. Mwisho wake huwa ni mstari mmoja kwenye skrini. Mstari ukishuka, wizara inafurahi. Ukipanda, wizara inauliza nani kauchora.

Mkuu wa kitengo tulimwita Wastani, ila si mbele yake. Jina alipewa na mchora ramani wetu, mtu asiye na breki mdomoni, kwa sababu kila ulichompelekea mkuu alikitafutia wastani. Ukimwambia wanaokaa dirishani wanaungua na jua na wanaokaa chini ya kiyoyozi wanatetemeka, anakujibu kwamba kwa wastani ofisi ina hali nzuri. Alikuwa mrefu, nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza. Watu wa namna hiyo huaminiwa kabla hawajasema neno, na mimi, ambaye nikisimama kuzungumza wenzangu hushikilia viti vyao, sijawahi kuaminiwa bure.

Sasa sikia alichonifanyia.

Minyoo wa kichocho wana jambo moja ambalo mwanzoni lilinichekesha. Dume na jike lazima wakutane ndani ya mwili wa mtu mmoja ndipo mayai yatagwe. Mnyoo aliyeingia kwa mtu peke yake hana kesho. Atakaa humo, atazeeka, atakufa mseja. Ndiyo maana dawa ikigawiwa vizuri kwa miaka kadhaa, minyoo wakawa wachache, wengi hukosa wenza na ugonjwa huanza kufa wenyewe bila dawa. Hilo ni kweli, na mtego uko hapo hapo. Minyoo hawagawanywi kama chai ya mkutanoni, kila mtu na kikombe chake. Nyumba hii wote ni wazima, na nyumba ya pili anakaa kibarua wa bustani anayeshinda ndani ya mfereji maji yakimfika magotini, na yeye peke yake amebeba minyoo wa mtaa mzima. Ukipiga wastani unaambiwa kila mtu ana chini ya mnyoo mmoja, unashangilia, unafunga dawa. Kumbe ndani ya yule kibarua kila siku ni harusi.

Jambo hilo nililiita mrundikano, na modeli niliyoijenga juu yake ilinila miaka. Niliijenga nikiwa nauguza mama. Niliijenga huku nikicheka peke yangu ilipokubali na kulia ilipokataa, na ilipokamilika nilimpa mkuu wangu aisome, kama utaratibu unavyotaka.

Akaisoma, akaenda nayo kwenye mkutano mkubwa nje ya nchi, akaisimulia kama yake. Halafu, na hili ndilo lililonikaa rohoni kuliko wizi wenyewe, aliutoa mrundikano. Alisema uliufanya mstari uwe na kigugumizi. Akaweka wastani mahali pake, mstari ukateremka laini kama mkono juu ya hariri, na watu wakampigia makofi. Chapisho lilipotoka nililisoma kuanzia mwanzo nikitafuta jina langu. Nilijikuta mwisho kabisa, pamoja na dereva, kati ya waliosaidia kuingiza takwimu. Dereva wetu ni mtu mwema na sina ugomvi naye, lakini hajawahi kuandika mlinganyo.

Nilimfuata ofisini kwake. "Daktari, hii modeli ni yangu."

"Ni yetu," alisema. "Kitengo ni familia."

"Familia gani mzazi anaandikwa miongoni mwa majirani?"

Akacheka kidogo, akaniwekea mkono begani. "Usiwe na roho ndogo. Zamu yako itafika."

Wageni walipokuja kumpongeza alinitambulisha kwao kama binti yetu wa kompyuta. Mimi na mvi zangu. Nilitabasamu, nikawamiminia chai, na kila kikombe nilichojaza niliapa.

Zamu yangu ilifika kwa mkono wake mwenyewe. Kitengo chetu kina desturi ya zamani kuliko Wastani: modeli haiendi wizarani mpaka ivunjwe. Mtu mmoja anateuliwa kuwa mvunjaji, anapewa kila kitu, na kazi yake ni kutafuta ufa. Akishaupata haruhusiwi kumwambia mwenye modeli wala mtu mwingine yeyote mpaka siku ya kikao, mbele ya ukumbi mzima, kwa sababu huko nyuma wavunjaji na wenye modeli walikuwa wakikutana koridoni, wakielewana, na nyufa zikipakwa rangi. Mlango wa dharura upo mmoja tu. Mvunjaji akiona watu wataumia kabla ya kikao, anamwendea mwenyekiti na kikao kinaitishwa mapema, ofisini kwa mwenyekiti, watu wachache.

Wastani alikuwa ameandaa pendekezo kubwa. Kata zote za mferejini, yaani zilizo kando ya mfereji mkubwa wa maji, zisimamishiwe dawa ya kichocho kuanzia msimu huu, kwa kuwa modeli yake ilionyesha ugonjwa unakwenda kufa wenyewe. Na kuwa mvunjaji wake akaniteua mimi. Nadhani aliona ananivisha kilemba cha ukoka, nifurahi na kunyamaza. Au alidhani miaka ya kumimina chai imenilainisha. Mchora ramani aliposikia alikuja mezani kwangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Fisi kakabidhiwa bucha." Nikamwambia aende zake.

Ufa niliujua kabla sijafungua faili. Siku ile ile niliyokabidhiwa niliurudisha mrundikano mahali pake, nikaiacha kompyuta ifanye kazi, nikaenda kunawa uso. Niliporudi mstari ulikuwa pale. Ulishuka, ukatambaa chini kwa muda kama mtu anayejifanya amelala, halafu ukainuka, ukapanda mpaka juu ya pale ulipoanzia. Nilicheka mpaka mwanamke wa usafi akachungulia mlangoni kuuliza kama niko salama. Nikamwambia sijawahi kuwa salama kama leo.

Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo. Nilisimama hata nikafika karibu na ngazi. Lakini nilikijua kikao cha watu wachache kingekwendaje. Wastani angesikiliza, angetikisa kichwa, angesema ahsante sana kwa mchango, kisha angeurudisha mrundikano kimya kimya na kuipeleka modeli wizarani ikiwa nzima tena, ikiwa yake tena. Mimi nilitaka ukumbi. Nilitaka watu wa wizara, wa hospitali, wa kata, na wale wale waliokuja kumpongeza. Nikageuka nikarudi kwenye kiti changu.

Jumamosi nilikwenda kula kwa dada. Dada yangu anakaa kata ya mferejini, nyumba ya tatu kutoka majini, na mtaa mzima unamwita Mama Rula. Ndiye mgawa dawa wao. Dawa ya kichocho hutolewa kulingana na urefu wa mtu, kwa hiyo msimu ukifika huzunguka nyumba kwa nyumba na fimbo ndefu yenye alama, anamsimamisha mtu ukutani, anampima, anamhesabia vidonge, na haondoki mpaka aone koo limeshuka. Wapo waliowaficha watoto uvunguni. Wapo waliotapika wakamwapiza. Amewatania, amewabembeleza, amewakemea, mpaka sasa wakimwona wanakuja wenyewe.

Nilimkuta anaosha vyombo uani. Hakugeuka.

"Mdogo wangu, huko kwenu juu kuna nini? Nasikia wanataka kutukatia dawa."

"Umesikia kwa nani?"

"Mfereji una masikio. Ni kweli au si kweli?"

"Kuna pendekezo. Halitapita."

"Una hakika?"

"Dada, nimekwambia halitapita."

Alisuuza sufuria, akaipindua juani. "Maana watu wangu nimewaahidi. Yule mama mfua nguo binti yake ameanza tena kukojoa damu, hospitali wamemwambia asubiri mgao. Kila akiniona ananiuliza lini. Nikimwambia uongo mmoja tu, kazi yangu ya miaka yote imekwisha. Hawatanifungulia tena mlango."

"Njoo kwenye kikao," nikamwambia. "Wagawa dawa wana viti vyao. Njoo uone mwenyewe wanavyoshindwa."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Unang'aa macho. Kuna mtu unamwinda?"

"Nafanya kazi yangu."

"Haya. Kaa ule."

Nilikula sana siku ile. Chakula kilikuwa kitamu, na nilijua kwamba mtu wa kunishangilia ukumbini nimekwishampata.

Alhamisi iliyofuata mfamasia wa wizara alinipigia simu. Ni mtu wa haraka, husema nusu ya neno na kuanza jingine. "Kesho nafunga agizo la dawa la mwaka," alisema. "Mkuu wenu kaniandikia kata za mferejini zisiagiziwe kitu. Wewe ndiye mvunjaji. Nifunge hivyo?"

Kikao kilikuwa Jumanne. Niliishika simu kwa mikono miwili.

"Siruhusiwi kusema lolote kabla ya kikao," nikasema.

"Sikuulizi umeona nini. Nauliza nifunge au nisifunge."

"Ni lile lile. Subiri kikao."

"Agizo halisubiri kikao, mama. Meli haisubiri, kiwanda hakisubiri."

"Basi fuata ulichoandikiwa."

Akakata. Sikuwa mjinga, nilijua nilichokifanya. Lakini nilikuwa na jibu langu tayari. Ghala la dawa hubaki na akiba. Kila mwaka mfamasia huyo huyo hulalamika kwenye vikao kuhusu maboksi yaliyobaki na nafasi yanayokula. Nilikumbuka miaka iliyopita, nikaona kwamba akiba ya kawaida ingetosha kata za mferejini na kubaki, nikashusha pumzi. Wastani ataanguka Jumanne, akiba itatolewa Jumatano, na dada atazunguka na fimbo yake wiki ijayo. Nilirudia hesabu hiyo mara kadhaa nikiwa nyumbani, na kila mara ilinipa usingizi mzuri.

Jumanne ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikaa katikati ya meza ya mbele, mwanamke mkavu mwenye miwani ya kamba. Watu wa wizara walikaa kushoto, mfamasia mwishoni mwao, tayari anatazama saa. Wagawa dawa walikaa nyuma, na dada yangu alikuwa miongoni mwao amevaa nguo yake ya kutokea. Wastani alipanda jukwaani na suti ya kijivu. Akazungumza vizuri, lazima niseme, akazungumza vizuri sana. Mstari wake uliteremka kwenye skrini kubwa na alipoufikisha chini alinyamaza kidogo, na wakapiga makofi.

"Mvunjaji," akasema mwenyekiti.

Nilisimama pale pale nilipokuwa. Sikupanda jukwaani, nilitaka anitazame akiwa amesimama juu.

"Daktari, naomba unisaidie," nikasema. "Minyoo wa kata ya mferejini, kwa hesabu zako, wana wenza au hawana?"

Watu wakacheka. Naye akatabasamu. "Wengi hawana. Kwa wastani kila mtu ana chini ya mnyoo mmoja. Ndiyo msingi wa pendekezo."

"Umewagawa sawasawa, kila mtu na fungu lake."

"Kwa lugha nyepesi, ndiyo."

"Nani aliwaambia minyoo wagawane sawasawa?"

Hawakucheka tena. Nikamwomba kijana wa mitambo aweke mchoro wangu. "Hii ni modeli ile ile. Namba zile zile, konokono wale wale. Nimebadilisha kitu kimoja tu. Nimewaacha minyoo wakae wanakokaa kweli, kwa watu wachache wanaoshinda majini." Mstari ukaonekana. Ukashuka, ukatambaa, ukainuka. Niliwaacha wautazame. Mtu mmoja wa wizara alivua miwani akaisafisha, akaivaa tena.

"Hilo ni jambo dogo la kiufundi," alisema Wastani. Sauti ilikuwa bado ya kubembeleza lakini mkono wake ulikuwa umeshika kona ya meza. "Linaweza kuongezwa."

"Haliongezwi, linarudishwa. Kwenye modeli ya mwanzo lilikuwepo. Wewe ndiye uliyelitoa."

Mwenyekiti akainua kichwa. "Modeli ya mwanzo ya nani?"

Siku zote hizo nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo. Nilijua namna nitakavyoyajibu, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nikipiga pasi, nikipanga mstari nyuma ya watu dukani.

"Ya mwingiza takwimu," nikasema.

Mchora ramani, Mungu amweke, akasimama bila kuitwa akasema kwamba yeye aliiona modeli ile kwenye meza yangu kabla haijafika kwa mkuu. Mtaalamu mmoja wa maabara akasema na yeye. Wakaanza kusimama mmoja mmoja. Wastani aliangalia karatasi zake kama mtu aliyesahau kusoma. Mwenyekiti akamwuliza swali, akajibu jingine. Akamwuliza tena, akafunua ukurasa mwingine. Jasho lilimtoka hadi kola ya shati ikabadilika rangi. Mwenyekiti akatamka kwamba pendekezo limekataliwa, kwamba suala la uandishi litachunguzwa, na kwamba mpaka hapo Daktari atakaa pembeni na mimi nitaongoza mradi.

Roho yangu ilisuuzika. Sitaki kusema uongo hapa ili nionekane mwema. Nilimtazama akishuka ngazi za jukwaa akipapasa kwa mguu, nikahisi utamu mpaka kwenye meno. Nikageuka kumtafuta dada nyuma, nione anavyonishangilia.

Alikuwa amenyoosha mkono.

"Mimi ni mgawa dawa wa mferejini," alisema aliporuhusiwa. "Hesabu zenu sizijui, lakini nimeelewa kwamba dawa inatakiwa iendelee. Nashukuru sana. Naomba kujua inafika lini."

Mwenyekiti akamtazama mfamasia. Mfamasia akasimama.

"Agizo lilifungwa Ijumaa," alisema. "Kata za mferejini hazikuagiziwa. Linalofuata ni la mwakani."

"Kuna akiba," nikadakia. "Ghalani hubaki akiba kila mwaka."

"Mwaka juzi ilibaki nyingi, hatukuwa na pa kuiweka. Mwaka jana ilibaki kidogo. Mwaka huu hakuna hata kopo, yote ilikwenda kwa waliokumbwa na mafuriko."

"Lakini kwa kawaida..."

Sikumaliza. Wastani alikuwa amefika karibu yangu, akikusanya karatasi zake kwenye kiti cha mbele. "Ulichukua wastani," alisema. Alisema polepole, kwangu peke yangu, na hakusema kwa kejeli. Alinitazama kwa huruma. Nimesemwa mengi maishani lakini hakuna aliyewahi kunipiga kofi kama lile.

"Mimi niliuliza," mfamasia alikuwa akiendelea, maana naye alianza kuhofia mkate wake. "Alhamisi nilimpigia simu mvunjaji. Nikamwuliza nifunge au nisifunge. Akaniambia nifuate nilichoandikiwa."

Mwenyekiti alivua miwani, ikaning'inia kifuani kwenye kamba. "Mlango wangu ulikuwa wazi," akaniambia. "Unaujua utaratibu."

Dada alikuwa bado amesimama. Hakumtazama mwenyekiti. "Ulijua lini?" akaniuliza, mbele ya ukumbi wote, kwa sauti ile ile anayoniulizia kama nimekula.

"Siku niliyokabidhiwa."

"Siku ile uliyokuja kwangu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea vipimo vyake hospitali. "Huyu bwana alikosea," alisema akimwonyesha Wastani kwa kidevu. "Wewe hukukosea." Kisha akachukua mkoba wake. Alipopita kwenye kiti changu aliinama. "Kesho asubuhi uje kwangu. Vaa viatu vya kutembelea."

Nilisema mimi si mtu wa kusahau. Dada yangu naye tumetoka tumbo moja.

Nilifika jua likiwa bado la upole. Alikuwa ananisubiri mlangoni, hakunikaribisha ndani, akaanza kutembea nami nikamfuata. Nilijaribu kumwambia kwamba nitaandika barua wizarani, kwamba nitaomba msaada kwa mashirika, kwamba sasa mimi ndiye kiongozi wa mradi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Utafanya hayo yote," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyewaahidi, na si mimi niliyewanyima. Nitakupitisha nyumba moja moja, na wewe utasema kwa mdomo wako. Nyumba zote."

Ya kwanza ilikuwa ya mama mfua nguo. Uani kamba zilikuwa tayari zimeanikwa mashuka ya watu, na karibu na mlango kulikuwa na furushi jingine la nguo chafu limefungwa. Alipotuona aliingia ndani haraka, akatoka na kikombe cha maji mkononi. Nyuma yake alisimama binti yake, mwembamba, naye ameshika kikombe. Ilinichukua muda kuelewa. Walikuwa tayari kumeza.

"Leo hatugawi," dada alisema. "Huyu ni mdogo wangu. Ana neno la kuwaambia."

Nilianza na kikao. Nikaeleza pendekezo, agizo, na utaratibu wa mvunjaji. Yule mama alinitazama kwa adabu, bila kuelewa, kikombe kikiwa wima mkononi.

"Sema kwa kifupi," dada akasema. "Sema kama nyumbani."

"Dawa haipo mwaka huu," nikasema. "Ningeweza kufanya iwepo. Sikufanya."

Binti alimtazama mama yake. Mama alinitazama mimi. Hakupandisha sauti.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi, na yote nilikuwa nimeyapanga vizuri njiani. Dada alikuwa amesimama pembeni yangu, mikono nyuma, hanisaidii.

"Kuna mtu nilitaka aaibike."

Alifikiri. "Akaaibika?"

"Aliaibika."

"Haya," alisema. Akayanywa yale maji, akamwambia binti yake anywe ya kwake yasimwagwe bure. Kisha akaliinua furushi, akajitwika, na wote wawili wakashika njia ya kuteremka mferejini. Nilisimama nikiwatazama mpaka walipofika kwenye mawe ya kufulia, wakavua viatu, wakaingia majini. Dada alikuwa ameshapiga hodi nyumba ya pili.